Ulaini na uzito si kipimo cha zulia

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuseme machache kuhusu mazulia, au kapeti kama wengi wanavyoyaita. Kurasa za makazi magazetini hurudia ushauri uleule kila mara: lipapase, likiwa laini chukua, linyanyue, likiwa zito chukua, ukiambiwa ni nailoni, usiulize tena. Ushauri huo una chembe ya ukweli, na ndiyo maana haufi. Lakini ulaini na uzito ni sifa mbili ambazo kiwanda kinaweza kuzipata kwa urahisi huku kikitoa zulia litakaloharibika sura mapema, na mnunuzi anayezitegemea hana namna ya kugundua.

Zulia la nyuzi za viwandani ni nadra kutupwa kwa sababu limelika hadi mgongo ukachungulia. Hutupwa kwa sababu limechukiza macho. Njia ya miguu kutoka mlangoni hadi kwenye makochi imekuwa ya kijivu, manyoya yamelala na kushikamana, na rangi ya katikati ya chumba haifanani tena na ile iliyokuwa imejificha chini ya kabati. Ukilipima kwenye mizani, nyuzi zake bado zipo karibu zote. Kwa hiyo anayeuliza kama zulia litadumu anauliza, kwa kweli, kama sura yake itadumu. Jibu limo katika mambo ambayo kiganja hakiyajui: umbo la unywele mmoja mmoja, unene wake, uzi ulivyosokotwa na kufungwa kwa joto, na vishungi vilivyobanana.

Tukisema unywele tunamaanisha ule uzi mwembamba kabisa unaotoka kwenye tundu moja la mashine. Nywele makumi au mamia zikikusanywa hufanya uzi. Kwa kawaida nyuzi mbili husokotwa pamoja, kisha sindano huzichomeka kwenye kitambaa cha mgongo na kuacha kitanzi. Kitanzi kikiachwa kama kilivyo, hilo ni zulia la vitanzi. Kikikatwa juu, kinafumuka kuwa kishungi, na vishungi vyote pamoja ndiyo manyoya.

Unywele wenyewe huzaliwa hivi. Plastiki ya chembechembe huyeyushwa, husukumwa kwa pampu kupitia sahani ya chuma yenye matundu madogo sana, hupozwa kwa hewa, huvutwa ili urefuke na upate nguvu, kisha hupigwa kwa hewa moto au mvuke ndani ya bomba jembamba hadi ujikunjekunje. Mikunjo hiyo ndiyo inayoupa uzi unene wa kujaza nafasi. Bila mikunjo nywele zingelala sambamba kama za ufagio. Lakini kitu kinachoamua sura ya zulia zaidi ya watu wanavyodhani ni umbo la yale matundu.

Tundu la duara hutoa unywele wa duara. Mazulia ya nailoni ya miaka ya 1950 yalikuwa hivyo, ya duara tena maangavu, na yalionekana machafu muda mfupi baada ya kutandikwa. Sababu ni ileile inayofanya kijiti kilicho nyuma ya bilauri ya maji kionekane kinene. Unywele wa duara usiofifishwa ni lenzi. Chembe ya vumbi iliyokaa upande wa nyuma huonekana kubwa kuliko ilivyo, na chumba chenye uchafu kidogo huonekana kama hakijafagiliwa wiki nzima.

Tundu lenye umbo la herufi Y hutoa unywele wenye mabawa matatu, na hilo ndilo umbo lililoenea zaidi. Mwanga ukiupiga haupenyi moja kwa moja. Huruka kwenye kingo za mabawa, na zulia linapata mng'ao. Hapa kuna kipimo ambacho wauzaji hawakitaji. Chora duara linalogusa ncha za mabawa yote matatu, kisha chora jingine ndani linalogusa mabonde kati ya mabawa. Gawanya kipenyo cha duara la nje kwa kile cha ndani. Ukipata 1, unywele ni duara kamili. Uwiano ukiwa mdogo, mabawa ni mafupi na mabonde ni ya kina kifupi. Mng'ao ni wa wastani na vumbi halipati pa kujificha. Uwiano ukipanda hadi 3 na zaidi, uzi hujaa zaidi kwa uzito uleule na hung'aa zaidi, jambo zuri kwa picha za matangazo. Lakini mabonde marefu ni mifereji. Vumbi laini na mafuta ya miguu huingia humo, na mashine ya kufyonza haiyatoi vizuri. Zulia la mabawa marefu linalomeremeta dukani ndilo linalofifia haraka chumbani, na si kwa sababu plastiki yake ni mbaya.

Umbo la tatu ni la werevu zaidi. Unywele una umbo la mraba wenye pembe zilizolainishwa, na ndani yake mna mashimo, mara nyingi manne, yanayokwenda urefu wote. Nje ni laini, hakuna mifereji. Mwanga unaoingia hugongana na kuta za mashimo ya ndani na kutawanyika, hivyo jicho haliwezi kupenya kuona chembe iliyo upande wa pili. Uchafu upo, ila hauonekani sana, na ukifyonzwa hutoka kwa urahisi. Ndiyo maana umbo hili lilipendwa sana kwa maofisi na hoteli. Lina gharama yake: kwa kuwa mwanga unatawanyika, rangi huonekana hafifu, na kiwanda hulazimika kutumia rangi nyingi zaidi kufikia ukolezo uleule. Na mashimo yakizidi ukubwa, kuta huwa nyembamba mno na unywele unaweza kubonyea au kupasuka ukikanyagwa mara nyingi.

Kuna njia rahisi zaidi ya kuua mng'ao: kuchanganya unga mweupe wa titani dioksidi kwenye plastiki kabla ya kuivuta. Unywele mwangavu hauna unga huo au una chembe tu. Karibu asilimia 0.3 huleta mng'ao wa kati. Kufika asilimia 2 unywele unakuwa mfifi kama chaki. Unga huo huficha uchafu, lakini nao hula rangi. Muuzaji anayesifu zulia lake kwa kumeremeta, basi, anasifu pia jinsi litakavyoonyesha kila unyayo.

Tukitoka kwenye umbo, twende kwenye kile kinachoitwa uchafu na si uchafu. Mchanga mwingi ni kwatzi, ambayo katika kipimo cha ugumu cha Mohs, kinachokwenda kutoka 1 hadi 10, iko kwenye 7. Plastiki iko chini kabisa yake. Mguu ukikanyaga, chembe za mchanga zilizozama kati ya vishungi husugua nywele kama msasa. Haziukati unywele, bali huukwaruza. Mikwaruzo hutawanya mwanga ovyo, na pale palipokuwa na rangi iliyokolea panakuwa na ukungu wa kijivu. Mwenye nyumba huita mwoshaji, mwoshaji huosha mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na njia ile ya kijivu inabaki palepale. Kisha lawama humwangukia mwoshaji.

Ubishi huo unaweza kumalizwa kwa mkasi mdogo na kioo cha kukuza. Kata ncha chache za manyoya kutoka njiani na nyingine kutoka chini ya kabati. Zioshe zote kwa maji ya sabuni, zisuuze, zikauke, kisha zitazame kwa pamoja, kioo kikiwa na nguvu ya mara 30 au zaidi. Zikifanana, njia yako ilikuwa chafu tu na uoshaji haukutosha. Za njiani zikionekana zenye ukungu na mikwaruzo huku za kabati zikiwa nyororo, hakuna sabuni itakayokusaidia. Kinga ni mkeka wa kufutia miguu, mrefu kiasi cha mtu kupiga hatua kadhaa juu yake, na kufyonza vumbi kabla halijazama. Anayesubiri zulia lionekane chafu ndipo alifyonze amechelewa, hasa akiwa na unywele wa mashimo ambao kazi yake ni kuficha.

Sasa ule ulaini. Unene wa nyuzi hupimwa kwa denia: uzito kwa gramu wa uzi wenye urefu wa mita 9,000. Viwanda vingine hutumia desiteksi, yaani gramu kwa mita 10,000. Unywele wa kawaida wa zulia la nailoni ulizoeleka kuwa wa denia 15 hadi 20. Mazulia yanayouzwa kwa sifa ya ulaini hushuka hadi denia 5, 4 na hata chini ya hapo. Chukua uzi wa denia 1,200. Ukiundwa kwa nywele za denia 20, una nywele 60, na kila moja, kama ni nailoni ya duara, ina kipenyo cha takriban mikroni 50. Ukiundwa kwa nywele za denia 4, una nywele 300 zenye kipenyo cha takriban mikroni 22. Uzito ni uleule, plastiki ni ileile, bei ya malighafi haijatofautiana sana.

Lakini ugumu wa unywele dhidi ya kupindwa hupanda kwa mraba wa denia yake. Denia ikipungua mara 5, ugumu wa unywele mmoja hupungua mara 25. Nywele zimeongezeka mara 5, hivyo uzi mzima umebaki na sehemu moja ya tano ya ugumu wake wa awali. Hiyo ndiyo siri ya ulaini: vidole vyako vinahisi uzi usio na nguvu ya kukataa, na mguu nao utauhisi hivyohivyo. Juu ya hayo, jumla ya uso wa nywele imeongezeka zaidi ya mara 2, na kila kipande cha uso ni mahali pa vumbi na mafuta kushika. Ukiosha, uso huo mkubwa hushika maji mengi na sabuni nyingi, na sabuni isiyosuuzwa ikikauka hubaki kama utando wa kunata unaovuta uchafu upya. Zulia linalochafuka upesi baada ya kuoshwa kuliko lilivyokuwa kabla lina tatizo la kusuuza, mara nyingi sana.

Hatusemi watu wasinunue laini. Chumba cha kulala, ambako watu hutembea peku na kwa nadra, kinalistahili. Ngazi na korido hapana.

Uzi laini unaweza kuokolewa kwa kiasi fulani na msokoto. Nyuzi mbili zikisokotwa pamoja, kila moja huibana mwenzake, na nywele dhaifu hutegemeana. Hesabu mizunguko katika urefu wa sentimita 2.5. Mizunguko 3 ni michache. 4 hadi 5 ni ya kawaida kwa manyoya yaliyokatwa. 6 na zaidi ni msokoto mkali, ule unaofanya kila kishungi kijipinde kivyake na zulia kuonekana na chembechembe. Msokoto mkali huficha alama za nyayo na za mashine ya kufyonza, na hudumu, ila haulazi uso sawasawa kama mahameli, kwa hiyo wapenda uso nyororo hawautaki.

Msokoto peke yake, hata hivyo, ni bure. Uzi uliosokotwa hutaka kujifungua. Kiwandani hupitishwa kwenye joto ili plastiki isahau umbo la zamani na kushika hili jipya: nailoni hupitishwa kwenye mvuke wa shinikizo wa takriban sentigredi 130, au kwenye hewa kavu yenye joto la kati ya 190 na 200. Hatua hii ikiharakishwa, zulia litatoka likiwa zuri kabisa, litauzwa likiwa zuri, na litaanza kuharibika pale miguu ya kwanza itakapopita. Ncha za vishungi hufunguka kama brashi ya rangi iliyochakaa, nywele za kishungi hiki hushikana na za kile, na manyoya yanakuwa blanketi moja lililobanana. Mashine ya kufyonza hailirudishi. Maji ya moto huweza hata kulizidisha, kwa sababu joto na unyevu huilegeza plastiki tena.

Joto lisilo sawa huleta kasoro nyingine, ya rangi. Nailoni iliyopata joto jingi na iliyopata dogo hainywi rangi sawa. Zikiingia kwenye sufuria moja ya rangi, moja hutoka imekolea kuliko nyingine, na kwa kuwa uzi umechomekwa kwenye mstari ulionyooka, tofauti hujitokeza kama michirizi inayokwenda urefu wa zulia. Huonekana zaidi mwanga wa dirisha ukija kwa chini, kwa mshazari. Fungua roli lote, litazame kwa mwanga wa namna hiyo kabla fundi hajatia kisu. Likishakatwa na kugundishwa, ni vigumu kudai chochote.

Isichanganywe na kivuli cha manyoya, ambacho si kasoro. Manyoya yaliyokatwa yameinamia upande mmoja. Ukitazama kuelekea ncha zake unaona rangi nzito, ukitazama ubavu unaona rangi nyepesi. Vipande viwili vya roli moja vikiwekwa kichwa kwa mkia, watu wataapa ni rangi mbili. Fundi apitishe kiganja: upande ambao manyoya yanalala bila kubisha uelekee kumoja kwa vipande vyote.

Kuhusu plastiki zenyewe tutakuwa wafupi, maana ndizo zinazosemwa sana. Nailoni 6,6 ilipatikana mwaka 1935 na Wallace Carothers katika kampuni ya kemikali ya DuPont, Marekani; nailoni 6 ilipatikana mwaka 1938 na Paul Schlack nchini Ujerumani. Ya kwanza huyeyuka karibu sentigredi 260, ya pili karibu 220. Wauzaji hubishana sana juu ya ipi bora, lakini kwa maoni yetu tofauti kati yake sakafuni ni ndogo kuliko tofauti ya msokoto mzuri na mbaya. Zote mbili hupindwa na kuinuka tena vizuri kuliko wenzao. Poliesta hainywi maji, karibu asilimia 0.4 tu ya uzito wake dhidi ya asilimia 4 za nailoni, hivyo madoa ya vinywaji huiponyoka. Ila ikilazwa na uzito kwa muda mrefu haiinuki kwa moyo, na mafuta huipenda. Kuna ndugu yake wa karibu, PTT, ambaye molekuli yake imejikunja kama springi na huinuka vizuri zaidi.

Polipropilini ndiyo nyepesi na rahisi kuliko zote, na ndiyo inayolala upesi kuliko zote. Huyeyuka karibu sentigredi 165, na hilo si jambo la maabara tu. Buruta kochi zito juu yake kwa kasi: msuguano hutosha kuyeyusha ncha, na hubaki mstari unaong'aa usioondoka kwa dawa yoyote. Juani, isipowekwa dawa ya kuzuia mwanga, hukauka na kuvunjika. Ikifumwa kwa vitanzi vifupi vilivyobanana, inafanya kazi yake vizuri. Ikitengenezwa manyoya marefu na laini, hatuoni sababu ya kuinunua.

Rangi huingia kwa njia mbili. Ama unywele huvutwa ukiwa mweupe na kutiwa rangi baadaye, ama rangi huchanganywa kwenye plastiki iliyoyeyuka kabla ya kupita kwenye sahani. Tofauti ni kama ya ukuta uliopakwa na tofali la udongo mwekundu: ukikwaruza wa kwanza unaona nyeupe, la pili ni jekundu hadi ndani. Polipropilini hainywi rangi za kawaida, hivyo huwa ya njia ya pili karibu daima. Nailoni huwa ya njia zote mbili, na hapa ndipo muuzaji anapopaswa kubanwa. Nailoni iliyotiwa rangi baadaye ina ncha za molekuli zinazokamata rangi za asidi, na ncha hizohizo hukamata rangi za vinywaji vyekundu. Kinga yake ni dawa isiyo na rangi inayozikalia ncha hizo mapema; ndiyo iliyoingizwa sokoni kwa kishindo na DuPont mwaka 1986. Sabuni kali, yenye pH (kipimo cha uasidi na ualkali, 7 ikiwa katikati) ya 10 na kuendelea, huing'oa dawa hiyo, na zulia lililooshwa hivyo mara kadhaa hubaki uchi.

Dawa ya kufulia yenye klorini, na hata krimu ya chunusi yenye benzoili peroksaidi iliyobaki mkononi, huondoa rangi ya zulia kabisa. Doa la namna hiyo huonekana jeupe, la manjano au la rangi ya chungwa, na watu huendelea kulisugua wakidhani kuna kitu kimemwagika. Hakuna kilichoongezeka pale, kuna kilichoondoka. Plastiki iliyochanganywa na rangi tangu mwanzo hustahimili zaidi mambo hayo, na jua pia.

Tumefika kwenye uzito. Zulia likiwa zito mkononi, sehemu kubwa ya uzito huo inaweza kuwa haina uhusiano wowote na manyoya. Nyuma ya zulia hupakwa gundi ya mpira iliyochanganywa na unga wa kalsiamu kaboneti, yaani chaki, na mara nyingi chaki ni zaidi ya nusu ya mchanganyiko huo. Unaweza kununua chaki ukidhani umenunua nailoni. Uliza uzito wa manyoya peke yake, kwa gramu kwa mita ya mraba, kisha uliza urefu wa manyoya kwa milimita, ugawanye.

Zulia lenye gramu 1,200 na manyoya ya milimita 8 lina kilo 150 kwa mita ya ujazo. Lenye gramu 1,500 na manyoya ya milimita 20 lina kilo 75. La pili ni zito kwa robo, limejaa, mguu unazama, na bei itakuwa juu zaidi. Lakini manyoya yake yamebanana nusu tu ya yale ya la kwanza, kila kimoja ni kirefu na hakina jirani wa kumwegemea. Litalala kwanza. Asiyepewa namba alikunje zulia manyoya yakitazama nje, kama anavyofungua kitabu hadi mgongo wake, na atazame mpasuko unaojitokeza. Mgongo ukionekana kwa upana, vishungi vimetawanyika. Hapohapo ang'oe uzi mmoja kwenye ukingo uliokatwa, ahesabu mizunguko, atazame ncha kama imefungwa au imechanua.

Neno moja la sponji ya chini: nene mno huua. Ikizidi takriban milimita 11 au ikiwa teketeke, mgongo wa zulia hunepa kila hatua, gundi hupasuka, na vishungi huanza kung'oka.

Madaraja yapo tayari. Kiwango cha Ulaya cha EN 1307 huweka mazulia ya majumbani kwenye 21, 22 na 23, na ya maofisini na maduka kwenye 31, 32 na 33, namba ikipanda kadiri matumizi yanavyokuwa mazito. Sehemu ya upimaji ni kuliweka zulia ndani ya pipa linalozunguka pamoja na gololi la chuma lenye vifundo vya mpira, mizunguko 5,000 na baadaye 22,000, kisha wataalamu kulinganisha sura yake na ya kipande ambacho hakijaguswa na kutoa alama kutoka 5 kushuka hadi 1. Viti vya magurudumu vina kipimo chao cha mizunguko 25,000. Muuzaji anayesema "hili ni la kazi nzito" aonyeshe namba ya daraja, na kurasa zenu za makazi zikimhoji zimuulize hiyo kabla ya rangi za msimu.

Tungependa pia kila lebo itaje aina ya plastiki, denia ya unywele, mizunguko ya msokoto, uzito na urefu wa manyoya, na njia ya kutia rangi. Hayo yote kiwanda kinayajua. Hayahitaji utafiti mpya. Kwa sasa lebo nyingi huishia kwenye jina la kuvutia na asilimia 100 ya kitu fulani, na hata asilimia hiyo mnunuzi hana budi kuiamini tu.

Hiyo ya mwisho, angalau, inaweza kuhakikishwa mezani. Kata ncha za manyoya, milimita 3 hadi 5, bila kugusa gundi ya chini. Andaa glasi mbili: moja ya maji matupu, nyingine ya mililita 100 za maji ya vuguvugu yaliyokorogwa na gramu 35 za chumvi hadi iyeyuke. Tia tone la sabuni ya maji katika kila moja, dumbukiza ncha, zibane kwa kibanio ndani ya maji mpaka mapovu yaishe, hasa kama unashuku ni nywele za mashimo, kwa kuwa hewa iliyonaswa itakudanganya. Polipropilini itaelea katika glasi zote mbili. Nailoni itazama kwenye maji matupu na kuelea kwenye maji ya chumvi. Poliesta itazama kotekote.

Mafundi wa mazulia